Eti Hii Ni Meli

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi mabibi na mababu mlioacha shughuli zenu kwa ajili ya wajukuu, asanteni kwa kuniita. Mmeniomba nizungumze juu ya kukuza ubunifu wa watoto kwa njia ya mchezo. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, wa miaka 3 hadi 6. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na mengi nitakayoyasema nimejifunza nikiwa nimekaa sakafuni, kimya, nikitazama.

Nianze na neno lenyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumelionea sana neno mchezo. Mtu akitaka kuonyesha kwamba jambo ni zito, anasema hili si la mchezo. Fundi akimkemea anayejifunza kwake, anamwambia aache mchezo. Na mtoto, tangu aanze kutambaa, kila anyooshapo mkono anasikia: usichezee! Kwa hiyo tunakua tukijua kwamba mchezo ni kinyume cha kazi na kinyume cha akili, kitu cha kuachwa mtu akipevuka.

Lakini lugha hiyohiyo inajua jambo jingine. Jino la mtoto wa miaka 6 likianza kulegea, tunasema linacheza. Mguu wa meza ukilegea, meza inacheza. Skrubu ikikazwa mpaka mwisho haichezi tena. Kinachocheza, basi, ni kile kilichobakiziwa nafasi ya kusogea. Na lile jino halichezi kwa sababu limeoza. Linacheza kwa sababu chini yake jingine linaota. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Naamini ubunifu wa mtoto hautuombi kitu kikubwa kuliko nafasi, na naamini kwamba wanaoibana nafasi hiyo, mara nyingi, ni sisi tunaowapenda.

Nitawaeleza nilivyoibana mimi. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilikuwa na mvulana wa miaka 4, mpole, asiyesema sana. Asubuhi moja aliingia ndani ya boksi kubwa tupu, akakaa, akashika kijiti kwa mikono miwili, akawa anayumba taratibu huku macho yake yako mbali. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilifurahi kumwona ametulia. Nikamsogelea, nikamwambia kwa uchangamfu: "Lo, gari zuri! Dereva, unakwenda wapi?" Akanitazama. Akalitazama boksi. Akasema, "Nyumbani." Dakika mbili baadaye alikuwa ametoka, boksi limebaki peke yake.

Kesho yake nilimsikia akimnong'oneza mwenzake: "Ingia. Eti hii ni meli. Jana ilikuwa meli, halafu mwalimu akaifanya gari."

Sijaisahau sentensi hiyo mpaka leo. Mtoto alikuwa baharini, nami kwa nia njema, kwa maneno machache ya kusifu, nilikausha bahari nzima. Naye hakunibishia, kwa sababu watoto wana adabu kuliko tunavyowadhania: mkubwa akisema ni gari, basi ni gari.

Litazameni lile neno dogo alilolitumia: eti. Sisi wakubwa tunalitumia kutilia shaka. "Eti anaumwa," yaani sisadiki. Mtoto hulitumia kufungua mlango. "Eti mimi nilikuwa daktari, eti wewe ulikuwa mgonjwa, eti usiku umeingia." Anatumia wakati uliopita kwa jambo ambalo halijatokea kamwe, na mwenzake wa miaka 5 anaelewa papo hapo kwamba sheria za dunia zimebadilishwa kwa muda. Sijawahi kuona mzazi wala mwalimu akiwafundisha sarufi hiyo. Wanaipokezana wao kwa wao.

Safari ya kufika hapo huanza mapema. Mtoto wa karibu mwaka mmoja na nusu huchukua kikombe kitupu, akakipeleka mdomoni, akatoa sauti ya kunywa, akacheka. Anajua hamna kitu. Baada ya miezi kadhaa atamnywesha mwanasesere. Kisha hata kikombe hakitahitajika: kifuniko kitatosha, au kiganja. Akifika miaka 4 au 5 ataweza kuishi ndani ya jambo hilo pamoja na wenzake, wakapangiana nani awe nani, wakagombana, wakapatana, wakaanza upya.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alilizungumzia hili katika mhadhara wa mwaka 1933, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mtoto anapopanda fimbo na kuifanya farasi, maana ya farasi imebanduka kutoka kwa farasi mwenyewe na kuhamia kwenye fimbo. Machoni petu ni utoto tu. Kwa Vygotsky lilikuwa tukio kubwa la akili. Na nadhani mwaona kwa nini. Siku moja mtoto huyohuyo ataonyeshwa mchoro mdogo kwenye karatasi na kuambiwa hii ni sauti a. Ataonyeshwa alama nyingine na kuambiwa hii ni tano, wakati haifanani na vitu vitano hata kidogo. Aliyezoea kuipa fimbo maana ya farasi hatashangaa.

Vygotsky alisema pia kwamba mtoto akiwa mchezoni huwa kama amejizidi urefu kwa kichwa kimoja. Watafiti waliofuata mawazo yake waliwaomba watoto wadogo wasimame bila kutikisika. Walipoombwa hivyo tu, walishindwa upesi. Walipokuwa walinzi wa lango ndani ya mchezo, walivumilia kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mzazi akiniambia mwanawe hana utulivu, huwa namwuliza: hata anapocheza?

Najua hofu iliyowaleta baadhi yenu. Nimeisikia mara nyingi: "Mwalimu, mwanangu anacheza tu, ataandika lini?" Na baada ya swali hilo huletwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Naiheshimu methali hiyo. Lakini inamhusu samaki aliyekwisha kuvuliwa, anayekunjwa ili akauke akiwa na umbo alilolitaka mkunjaji. Aliye hai majini hujikunja mwenyewe, na hujikunja kwa namna ambazo mkono wa mtu hauziwezi.

Hapo sisemi kwamba watoto wasifundishwe. Mimi ni mwalimu, nakula kwa kufundisha. Nasema kwamba kufundisha kuna gharama yake kukija mahali pasipo pake, na gharama hiyo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa shule ya awali. Walitengeneza kifaa cha kuchezea chenye mambo manne yaliyofichwa: bomba linalolia likivutwa, taa, muziki na kioo. Watoto wa kundi moja walionyeshwa na mtu mzima kama mwalimu anavyoonyesha: tazama, hiki kinafanya hivi, akavuta bomba likalia. Mbele ya kundi jingine, bomba lilivutwa kana kwamba ni kwa bahati tu, na mtu mzima akashangaa pamoja nao. Kisha wote wakaachiwa kifaa. Waliofundishwa walivuta bomba, wakavuta tena, wakachoka mapema. Wale wengine walikigeuzageuza kifaa, wakakaa nacho zaidi, na wakagundua mengi zaidi.

Msiwacheke wale wa kundi la kwanza. Walifikiri vizuri kabisa. Mtu anayekijua kifaa hiki amenionyesha jambo moja; kama kungekuwa na la pili, si angenionyesha? Mtoto alimwamini mwalimu, na imani hiyo ndiyo iliyofunga mkono wake. Ndugu zangu, tunaaminiwa sana na watoto. Tuwe waangalifu na imani hiyo.

Jaribio la pili ni la zamani, la mwaka 1973, nalo limenibadilisha mimi kuliko yote niliyosoma. Walichaguliwa watoto wa shule ya awali waliopenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa: ukichora utapata cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe. Wengine walichora bila ahadi, wakapewa cheti baadaye kama zawadi ya ghafla. Wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja hivi au mbili, kalamu zikawekwa tena darasani, bila cheti wala ahadi, na watafiti wakatazama nani atazifuata. Wale walioahidiwa cheti walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Kile walichokuwa wakikipenda bure kilikuwa kimegeuka kazi ya malipo, na malipo yalipokoma, mkono nao ukakoma.

Nilipolisoma hilo nilikuwa na kisanduku cha nyota za karatasi mezani kwangu. Nilikuwa nikizibandika kila siku kwenye michoro. Niliacha. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, walikuwa wakinijia na karatasi na kusimama wakingoja. Sikujua niseme nini. Nikaanza kusema nilichokiona: "Umeipaka bluu pembeni pote." "Huyu umemfanya mkubwa kuliko nyumba." Hapo wakaanza kunieleza wenyewe. Yule mkubwa kuliko nyumba alikuwa mtoto mchanga aliyezaliwa kwao wiki ile, na msichana aliyemchora hakuwa amesema neno juu ya mdogo wake mpaka siku hiyo. "Nzuri sana" yangu ya zamani ingemrudisha kitini, na mimi nisingejua kitu.

Haya, tuje kwenye vitu vya kuchezea, maana najua swali hilo lipo. Ninunue nini?

Mwaka 1840 Mjerumani Friedrich Froebel aliipa shule yake ya watoto jina Kindergarten, ambalo tafsiri yake ni bustani ya watoto. Mpaka leo nchi nyingi zinaziita shule za awali kwa jina hilo la Kijerumani. Vitu alivyowapa watoto aliviita zawadi, navyo vilikuwa vya kawaida mno: mipira midogo ya sufu, tufe la mbao, mchemraba wa mbao, kisha mchemraba uliokatwa vipande 8 vidogo sawasawa, na kuendelea. Havikuwa na macho, magurudumu wala sauti. Mnajua serikali ya Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati huo, ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851? Marufuku ilidumu hadi 1860, na Froebel alikwisha kufa mwaka 1852 bila kuona ikiondolewa. Huwa nalitafakari sana jambo hilo, dola kubwa ikiwaogopea watu mbao na mipira ya watoto. Froebel mwenyewe alikuwa na ratiba na utaratibu mwingi kuliko ninavyoupenda mimi, lakini mbao zile zilikuwa sahihi. Msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, aliletewa mbao hizo na mama yake mwaka 1876, akiwa na miaka 9, na alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba maumbo yale hayakumtoka vidoleni.

Karne moja baadaye, nchini Denmaki, mbunifu wa bustani aitwaye Carl Theodor Sørensen aligundua jambo lililomsumbua. Alikuwa amesanifu viwanja vizuri vya michezo, na watoto walikuwa wakicheza kwingineko, hasa penye ujenzi, penye mbao na mabaki. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanja cha namna mpya kilifunguliwa Emdrup, pembezoni mwa Copenhagen, kwa kufuata wazo lake. Hakikuwa na bembea wala mtelezo. Kilikuwa na mbao, matofali, nyundo, misumari, ardhi ya kuchimbwa, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Watoto walijijengea wenyewe. Mwaka 1971 msanii Mwingereza, Simon Nicholson, akaipa fikra hiyo maneno ya kinadharia: kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi visivyofungwa, vinavyohamishika na kuunganishwa kwa namna nyingi, ndivyo uwezekano wa kubuni unavyoongezeka.

Vitu visivyofungwa. Vitu vinavyocheza! Kijiti, shuka, kamba, mawe laini, vifuniko, udongo, maji, boksi. Gari la plastiki lenye king'ora ni gari, na kesho litakuwa gari. Boksi leo ni meli. Msinielewe vibaya, sijaja kuwaambia mtupe magari ya plastiki. Mwanangu mwenyewe alilala na moja mkononi kwa mwaka mzima. Nasema tu kwamba mzazi asiyeweza kununua hana sababu ya kujiona amemnyima mtoto ubunifu. Na mzazi aliyenunua vingi ajaribu kuficha nusu. Kuna utafiti wa mwaka 2018 uliowatazama watoto wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, mara wakiwa na vitu 4, mara wakiwa na vitu 16. Wakiwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Kwa wadogo wa chini ya miaka 3, angalieni tu visiwe vidogo vya kuingia kooni. Nafasi ninayoisema haina maana ya kumtupa mtoto.

Lakini kitu kinachokosekana zaidi kuliko vyote ni muda mrefu usiokatwa. Hili nimelipima kwa saa ya ukutani darasani kwangu. Watoto 5 wakiamua kucheza hospitali, robo saa ya kwanza, wakati mwingine nusu saa, huishia katika mabishano: nani daktari, kitanda kiko wapi, mgonjwa anaumwa nini, kwa nini kila siku wewe. Mtu mzima akipita atasema hawachezi, wanagombana, akawatawanya. Kumbe wanaandika tamthilia. Baada ya hapo, wakiachwa, hospitali inafunguliwa, na nimeona ikiendelea siku tatu. Ukiwapa vipindi vitatu vya dakika 20, umewapa mabishano matatu na hospitali sifuri. Wape saa moja nzima. Na walichokijenga kikiwezekana kiachwe mpaka kesho. Msifagie mji wa mtu kwa sababu ni saa ya kulala. Nyumba ikiwa ndogo, chini ya meza panatosha, na shuka likishushwa pembeni hapo pana milango na madirisha.

Na mtoto akija akasema hana cha kufanya? Ngojeni. Hiyo ndiyo kazi ngumu niliyoijua katika malezi yote. Mtoto asiye na cha kufanya anakera, anavuta nguo, anajilaza sakafuni, na simu iko mkononi mwetu, kumpa ni rahisi. Ninachowaomba ni kumjibu kwa upole, "Najua, inachosha," kisha kuendelea na shughuli yako ukiwa karibu. Wengi niliowaona hawakuzidi dakika 15. Kitu fulani huanza, mara nyingi kwa mkono: anakwaruza, anapanga, anafunika. Ukiwahi kumtolea wazo lako kabla ya dakika hizo, utakuwa umemfundisha kwamba mawazo hukaa kwa wakubwa.

Juu ya televisheni na simu nitasema machache, kwa kuwa mmeshasikia mengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: kwa mtoto wa chini ya miaka 2 haishauriwi kumkalisha mbele ya skrini, na kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Sababu yangu mimi ni ya darasani. Katika picha zinazokimbia, rangi imeshachaguliwa, sauti imeshawekwa, mwisho umeshaamuliwa. Skrubu zote zimekazwa. Mwambieni mtoto hadithi kwa mdomo, taa imezimwa, na jitu lenu litakuwa na uso aliouchora yeye. Kila mtoto chumbani atakuwa na jitu lake.

Nataka kukaa kidogo kwenye mambo mawili yanayowatia wazazi hofu, kwa sababu hofu hizo hufunga milango mingi.

La kwanza ni rafiki asiyeonekana. Mama huja kwangu uso umembadilika: mwanawe anazungumza na mtu asiyekuwepo, anamwekea nafasi kitandani, anakataa mtu asikalie kiti chake. Mama huyo hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliona kwamba kufikia miaka 7, karibu asilimia 65 ya watoto waliofuatiliwa walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa namna hiyo, wakiwemo wale wanaoishi ndani ya mwanasesere. Mtoto hajarukwa na akili na wala si mwongo. Ukimwingilia sana jambo hilo kwa uzito, mara nyingi yeye mwenyewe atakuonea huruma na kukueleza: "Lakini huyu ni wa kujifanya tu." Mimi huwasalimia marafiki hao nikitambulishwa, na nisipotambulishwa sisalimii.

La pili ni michezo ya huzuni. Watoto hucheza msiba. Hucheza ajali, baba aliyeondoka, sindano, ugomvi wa usiku. Msichana mmoja darasani kwangu alimzika mwanasesere chini ya mto kila asubuhi kwa karibu mwezi mzima baada ya bibi yake kufariki. Mwanzoni alimzika na kwenda zake. Baadaye alimzika na kukaa karibu. Kisha akaanza kumfukua ili amwonyeshe vitu, halafu akamfukua moja kwa moja na kumpa kazi ya ualimu. Kama ningemkataza siku ya kwanza kwa sababu jambo lile linatisha, angeubeba msiba ule bila mahali pa kuuweka. Mchezo ukibadilika kidogokidogo hivyo, mwachieni. Mtoto anayerudia tukio lilelile la kutisha wiki hadi wiki bila kubadilika hata kidogo, bila kupata nafuu, huyo anahitaji msaada wa mtaalamu, na usione aibu kuutafuta.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliweka mchezo kuwa haki, katika ibara ya 31, na tangu 2024 tarehe 11 Juni ni siku ya kimataifa ya mchezo. Nafurahi. Ila haki hii inatolewa au kunyimwa sebuleni, alasiri, na watu waliochoka, na siku moja kwa mwaka haitoshi.

Sasa je, mkubwa asicheze kabisa? Acheze, akialikwa. Tangu siku ile ya meli nimejiwekea mwendo mmoja. Nakaa karibu, chini, na kazi yoyote ya mikono. Nikiitwa, nauliza, "Mimi ni nani?" Nikishajibiwa, nauliza, "Nifanye nini?" Halafu nafanya hicho tu. Sisahihishi. Mtoto akisema papa anaishi juu ya mti, basi nauliza anapandaje, kwa sababu kweli nataka kujua. Na wazo likinijia, huwa linanijia, nalisema kwa lugha yao na kuwaachia walikatae: "Eti labda kulikuwa na mvua?" Mara nyingi wanakataa. Nimezoea.

Yule mvulana wa meli alinialika tena, baada ya karibu miezi miwili. Nilipouliza mimi ni nani, alifikiri sana, kisha akaniambia mimi ni nanga. Nikakaa sakafuni nje ya boksi nikishika kamba, nikawa nanga, asubuhi nzima.

Nilipokuwa naingia humu ukumbini, bibi mmoja, yuko pale mstari wa pili, alinishika mkono akaniambia: "Mwalimu, mjukuu wangu hunigeuza jiwe kila jioni. Akishanigeuza anakwenda zake kutafuta hazina, ananisahau, na magoti yananiuma. Nifanyeje?" Nikamwambia, bibi, usitoke kwenye mchezo, muulize ukiwa jiwe hivyohivyo, kama kuna mawe yanayokaa kwenye viti. Bibi akaniambia: "Nilimuuliza jana. Akasema mawe hayasemi."

Sikuwa na jibu. Nimemwahidi kwamba nitawauliza ninyi, kwa hiyo nakaa, na kipaza sauti hiki hapa.